Jinsi ya kukaa mbali na watu kipindi cha maradhi wakati unaishi chumba kimoja, unapanda daladala na una ndugu wengi

Kila mafua yakianza kuzunguka tunaambiwa maneno yale yale, kaa mbali na mwenzio, epuka msongamano, na watu wanaitikia ndio ndio alafu maisha yanaendelea kama jana. Siwalaumu hata kidogo. Mtu anaishi chumba kimoja Manzese na mke na watoto watatu, kitanda kimekula nusu ya chumba, ndoo za maji ziko mlangoni, we unamwambia akae mita moja na mwenzie, hiyo mita anaitoa wapi? Kwahiyo hapa naandika yanayowezekana kwa maisha yetu haya haya, ya nyumba za kupanga na choo cha pamoja na misiba ya watu mia tatu, maana nimeona watu wengi wameacha kabisa kujikinga kwa sababu tu waliambiwa kitu kisichowezekana, wakaona basi bora liende.

Kwanza elewa unachokikwepa. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akicheka, hata akiongea tu, anatoa matone ya mate. Yale makubwa yanadondoka chini karibu na alipo, ndo maana Shirika la Afya Duniani likasema mita moja, Kenya wakasema mita moja na nusu, Wamarekani wakasema futi sita ambazo ni karibu mita mbili. Kila mtu na namba yake kwa sababu hamna ukuta hapo kwenye mita moja, kila ukisogea nyuma hatari inapungua, hata nusu mita ni faida. Alafu kuna yale madogo yasiyoonekana kwa macho, haya yanabaki yanaelea hewani, na chumba kikiwa kimefungwa yanajazana. Chukulia mtu anavuta sigara. Ukikaa mbele yake moshi unakupata usoni, ukihama ubavuni unapungua, mkiwa nje upepo unaubeba, lakini mkiwa ndani na madirisha yamefungwa hata ukienda kona ya mwisho baada ya nusu saa nguo zako zinanuka. Pumzi ya mgonjwa inatembea hivo hivo.

Kwahiyo mkononi una vitu vinne: umbali, muda, hewa, na uso wako umeelekea wapi. Ukikosa kimoja ongeza vingine. Hauna mita moja? Basi punguza dakika, fungua dirisha, geuza uso. Hii ndo siri yote na ukiishika hii hauhitaji kukariri sheria za kila sehemu.

Nikupe mfano mmoja ulioandikwa vizuri na watu wa afya. Machi 2020 huko Mount Vernon, jimbo la Washington Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya kama saa mbili na nusu, ndani, wanaimba, na kati yao mmoja alikuwa na dalili za mafua mafua hivi. Baadae waliohesabiwa kuugua corona walikuwa 53, na wawili walifariki. Mtu mmoja tu. Angalia kilichokusanyika pale: muda mrefu, ndani, sauti kubwa, watu wamekaa karibu karibu. Wale wale wangekutana dakika kumi uani kupeana ratiba sidhani kama tungekuwa tunawazungumzia leo.

Sasa kabla hatujaingia nyumbani, jua unamkwepa mtu wa ugonjwa gani, maana umbali haufanyi kazi sawa kwa kila kitu na hapa ndo watu wanachanganya sana.

Mafua makali na corona ni hizo pumzi, na mtu wa mafua anaanza kuambukiza siku moja kabla hata hajajisikia vibaya, alafu anaendelea siku tano mpaka saba hivi, watoto zaidi ya hapo. Kanuni nzuri ya kutumia nyumbani ni hii ambayo Marekani wanaitumia tangu Machi 2024: subiri mpaka uone nafuu na homa iwe imeisha saa 24 nzima bila kumeza dawa ya kushusha homa, alafu siku tano nyingine bado ujihadhari, vaa barakoa ukiwa na watu, usimsogelee bibi. TB nayo ni hewa, na ni ya kukaa pamoja muda mrefu, kwa hiyo kikohozi kikizidi wiki mbili usikae unanunua dawa za kikohozi dukani, nenda kapime makohozi, Tanzania dawa zake ni bure, na ukishaanza dawa vizuri baada ya wiki mbili hivi wengi wanakuwa hawaambukizi tena ila daktari ndo aseme, sio wewe wala jirani. Surua ni habari nyingine, kirusi chake kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, hapo mita moja haikusaidii kitu, dawa ni chanjo, mtoto apate ile ya miezi 9 na asirukwe ile ya miezi 18. Tetekuwanga mtoto abaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke viwe magamba. Mpox (homa ya nyani) inapenda ngozi kwa ngozi, na shuka na nguo za mgonjwa.

Macho mekundu, yale yaliyopita Dar na Pwani ya Kenya Januari 2024, hayaambukizi kwa kumtazama mgonjwa machoni. Nasema kwa sababu mpaka leo kuna watu wanageuza shingo wakimuona mtu mwenye macho mekundu alafu hapo hapo wanampa mkono. Mkono ndo tatizo, na taulo, na mto wa kulalia. Kipindupindu pia usihangaike na mita, hangaika na maji ya kunywa, choo na sabuni.

Haya, nyumbani.

Mgonjwa akiwa na chumba chake mwenyewe mambo ni marahisi, anakaa humo, dirisha wazi, mlango umefungwa, chakula kinaletwa. Tuongee chumba kimoja. Mgonjwa mpeleke upande wa dirisha, wazima walale upande wa mlango. Watu wanafanya kinyume, wanamficha mgonjwa kona ya ndani kabisa mbali na upepo eti asipigwe baridi, pumzi yake yote inabaki mule ndani na nyie mnaivuta usiku kucha. Mfunike blanketi, mvalishe sweta, lakini hewa itoke. Kama kuna feni usiielekeze itoke kwa mgonjwa kuja kwenu, iweke iangalie nje ya dirisha ivute hewa ya ndani kuitupa nje. Mlango nao mchana uache wazi hata kwa pazia tu, upepo uingie huku utokee kule, dirisha peke yake bila mlango linafanya nusu ya kazi. Usiku najua kuna wezi na kuna mbu, basi kama dirisha lina nondo na wavu liache wazi, kama halina acha hata upenyo wa juu, chandarua hakizuii hewa kwahiyo usikitoe.

Kitanda ni kimoja? Laleni mzungu wa nne, kichwa chako kwenye miguu yake. Inaonekana kitu kidogo ila unaitoa sura yako mbele ya sura yake kwa masaa nane ambayo ndo masaa marefu kuliko yote mnayokaa karibu. Kama kuna godoro la pili au hata mkeka, mgonjwa abaki kitandani karibu na dirisha na wewe ushuke chini upande wa mlango. Na mchana wazima wasikae ndani bila sababu, toeni viti uani, pikieni uani, watoto wachezee uani. Kila saa moja isiyotumika mule chumbani ni saa imepunguzwa.

Mteueni mtu mmoja wa kumhudumia. Mmoja tu, asiwe mzee, asiwe mjamzito, asiwe na kisukari au pumu kama inawezekana. Kwetu mgonjwa anauguzwa na ukoo mzima, shangazi anaingia na uji, mjomba anaingia kumuangalia, majirani wanaingia kumpa pole, mpaka jioni watu kumi na tano wameshakaa kwenye kile kitanda. Huyo mmoja ndo anaingia, anavaa barakoa, mgonjwa nae anavaa pale mhudumu akiwa ndani kama anapumua vizuri, anafanya kazi yake anatoka, anaenda kunawa kwa sabuni. Sahani, kikombe na kijiko cha mgonjwa viwe vyake, viosheni kwa maji ya moto na sabuni, inatosha, hamna haja ya kuvitupa wala kuvitenga mpaka mtu ajisikie kama ana laana. Taulo lake peke yake. Hili la taulo nalikazia maana kwenye nyumba nyingi taulo moja linafuta watu watano.

Mama anaenyonyesha akipata mafua au corona asimwachishe mtoto. Anawe mikono, avae barakoa wakati ananyonyesha, na akimaliza mtoto abebwe na mtu mwingine akae nae mbali kidogo. Maziwa yenyewe ni kinga ya mtoto.

Choo na bafu la pamoja: mgonjwa aende wa mwisho kuoga, wengine wakishamaliza, akitoka aache mlango wazi na dirisha kama lipo, anaefuata asubiri hewa ibadilike. Zungumzeni na wapangaji wenzenu mapema, usifiche. "Dada, mwanangu ana mafua makali, asubuhi nitamuogesha nyie mkishaondoka" ni sentensi moja tu na inaondoa ugomvi wa wiki nzima. Kitasa cha choo na bomba futeni kwa maji ya sabuni mara mbili kwa siku mnapokumbuka.

Na nyungu jamani. Najua watu wanajifukiza na sitaki kugombana na mtu, mvuke unafungua pua kweli unajisikia vizuri, ila hauui kirusi, na ile tabia ya kuingia watu watatu chini ya blanketi moja, mgonjwa katikati, ni njia nzuri kuliko zote ya kugawana ugonjwa. Pumzi zote ziko mle chini na hamna pa kutokea. Kama lazima mtu ajifukize basi peke yake, na mtoto mdogo asiwekwe kabisa, maji ya moto yanaunguza watoto kila siku.

Wazee sasa. Bibi au babu yupo ndani ya nyumba na mtu ameanza kukohoa, mhamishe mzee kwenda chumba kingine au sebuleni siku hiyo hiyo, usisubiri uone kama itakuwa mafua ya kawaida. Lakini usimpakie kwenye basi kumpeleka kijijini kwa sababu huenda keshaambukizwa tayari na anaenda kuwapelekea wazee wenzie mahali ambapo zahanati iko kilomita ngapi sijui. Watoto nao hivo hivo, shule zikifungwa kwa sababu ya ugonjwa watu wanawakimbiza kwa bibi, mtoto anafika ana afya kumbe kabeba. Corona ilikuwa inaweza kukaa mwilini mpaka siku 14 kabla ya kujionesha. Subiri kwanza. Kwenye Uislamu hili lipo tangu zamani, Mtume (SAW) alifundisha kwamba mkisikia tauni ipo nchi fulani msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia, na Sayyidna Umar akiwa njiani kwenda Sham alipopata habari ya tauni aligeuza msafara akarudi Madina.

Daladala. Hapa ndo pagumu na sitakudanganya, saa moja asubuhi ya kutoka Mbagala au Gongo la Mboto hamna umbali. 2020 tulipata kipindi cha level siti, watu wote wamekaa, hakuna wa kusimama, Kenya matatu ya watu 14 ikawa inabeba 8, na iliwezekana kwa sababu ilikuwa amri. Siku za kawaida ni wewe na akili yako. Kama ratiba yako inaruhusu toka nusu saa kabla ya nyomi au baada yake, hii peke yake inazidi vitu vingine vyote. Kaa siti ya dirishani na ulifungue, kama limekwama mwambie konda kwa upole, "konda tusaidie dirisha hili kaka, kuna mtu anakohoa", wengi wanafungua, na abiria wengine wanakushukuru kimoyomoyo. Madirisha mawili yanaopishana yakiwa wazi gari likiwa linatembea hewa inabadilika haraka sana, shida inakuja kwenye foleni na kwenye mvua. Mvua ikinyesha watu wanafunga yote gari linakuwa kama chungu, acha upenyo wa vidole vitatu juu, utalowa bega kidogo.

Ukisimama geuka usiangaliane uso kwa uso na mtu, wote angalieni upande mmoja. Usiongee na simu njia nzima, ukiongea kwa sauti unatoa matone mengi kuliko ukinyamaza, na aliekaa chini yako yanamdondokea. Barakoa vaa humu hata kama umeacha kuvaa kila sehemu, kwenye daladala na mwendokasi ndo inalipa. Wale wa kugeuza na gari ili upate siti, pima mwenyewe, unapata siti ya dirishani lakini unaongeza nusu saa ndani ya gari, mimi naona inafaa kama gari linaenda mwisho wa kituo likiwa tupu, likiwa limejaa njia zote mbili haina faida. Bajaji ni nzuri, iko wazi pembeni. Bodaboda iko nje kabisa ila ile helmeti imevaliwa na watu ishirini leo, vaa kitambaa chako ndani, helmeti yenyewe usiache.

Kama wewe ndo unakohoa na lazima utoke kwa sababu usipotoka watoto hawali, najua wapo wengi na kuwaambia mpumzike wiki nzima ni kuongea tu. Basi fanya unayoweza: barakoa kuanzia mlangoni kwako, chagua kazi ya nje, kula peke yako pembeni, usikae kijiweni kusubiri, na kama kazi yako ni kupika, mama ntilie mwenye mafua amuachie msaidizi asimame kwenye chakula na wateja, yeye afanye ya mbali kama kuosha viazi na kufuata mkaa.

Salamu. Mkono ukishanyooshwa umeshachelewa, ukiukataa umemdhalilisha mtu. Siri ni kuwahi. Ukiwa bado hatua tatu nne weka mkono wako kifuani na uanze kuongea wewe, "Shikamoo baba mkubwa, leo sikupi mkono nina mafua, sitaki nikuachie," atakujibu marahaba mwanangu pole, yameisha. Toa sababu ya kwako wewe, usiseme "nakuogopa" au "siku hizi kuna magonjwa", maana hapo anasikia kwamba yeye ndo mgonjwa. Shikamoo yenyewe haina haja ya mkono, heshima iko kwenye mdomo na kwenye kuinamisha kichwa. Hata Ikulu Machi 2020 Rais Magufuli na Maalim Seif wa upinzani walisalimiana kwa kugusana miguu na picha ikazunguka nchi nzima, hakuna alievunjiwa heshima. Watoto wafundishe kupunga mkono kwa bibi kipindi cha mafua, wanajifunza haraka kuliko sisi.

Chakula cha pamoja. Sinia la watu sita lina utamu wake nalipenda, lakini mkiwa na mtu anaeumwa mpakulieni pembeni bila kutangaza, na kipindi cha mlipuko kila mtu apewe sahani yake. Kingine kinachonisumbua ni kunawa. Linaletwa bakuli moja la maji, wa kwanza anachovya, wa pili anachovya, wa kumi anachovya kwenye mchuzi wa mikono ya watu tisa. Maji yamiminwe kutoka kwenye jagi na sabuni iwepo, kijana mmoja apite nalo kama zamani.

Msibani inabidi nikae kidogo maana hapa ndo watu wanaambukizana kuliko popote na hapa ndo pagumu kusema hapana. Hakuna anaekutaka usiende msibani, mtu amefiwa, kukosa kuonekana ni kidonda cha miaka. Nenda, lakini chagua mahali pa kukaa na muda wa kukaa. Kaa nje chini ya turubai, upande wenye upepo, usiingie chumba walicholala wafiwa kina mama kimejaa na godoro chini mpaka mlangoni. Ukienda kumpa pole mfiwa simama pembeni yake usimkumbatie uso kwa uso, mshike bega kwa nyuma au inama mbele yake, "Pole sana shangazi, Mungu akutie nguvu, mi nitakuwa hapa nje kama kuna la kutumwa." Hiyo ya kutumwa muhimu, mtu anaefanya kazi nje, anaepanga viti, anaechota maji, hakuna anaemuuliza kwa nini hakuingia ndani. Rambirambi tuma kwa simu. Kama wewe ndo unaumwa, piga simu mwenyewe kwa mfiwa au kwa mkubwa wa familia, usitume meseji, sema unaumwa na utakuja ukipona, na kweli uende ukipona.

Wenye msiba nao mnaweza kusaidia: watu wasilale wote nyumba moja, wagaweni kwa majirani, kuaga mwili kufanyike nje kwa mstari unaotembea, wazee wapewe viti mbele peke yao wasibanane, na kisomo au ibada ya jioni ifanyike uani.

Ila kuna magonjwa ambayo yote hayo niliyosema hayahusiki, Ebola na Marburg. Kagera walipata Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025 kule Biharamulo, na jirani zetu Uganda walikuwa na Ebola kuanzia Septemba 2022. Haya yanaenda kwa damu, matapishi, jasho, majimaji yote ya mwili, na maiti inaambukiza sana. Hapo usioshe mwili, usiguse, usikumbatie jeneza wala usiguse nguo za marehemu, ita watu wa afya wazike wao wenye mavazi ya kujikinga, na muombe wawaachie nafasi ya kusali mkiwa mbali, ni haki yenu na huwa inawezekana.

Msikitini na kanisani nitaenda haraka. Tawadha nyumbani, beba mswala wako, swali varandani au uani kama kuna nafasi, ukiumwa swali nyumbani. Hija yenyewe mwaka 2020 ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Kanisani mkitakiana amani tikisa kichwa na utabasamu, kwaya ifanye mazoezi nje na anaekohoa asije hata kama ndo sauti ya kwanza peke yake. Sokoni nenda asubuhi na orodha kichwani, nunua ondoka. Benki na kwa wakala subiri nje jina liitwe. Shule mtoto mwenye homa abaki nyumbani, mpigie mwalimu, na asiende tuisheni jioni eti kwa sababu amepata nafuu mchana.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Kumtenga na pumzi zenu kusiwe kumtenga na nyinyi. Mtu akikaa siku tano ndani anasikia vicheko uani na hakuna anaemuita, anaumia kuliko homa. Weka kiti nje ya dirisha lake, sio usawa wa uso wake, pembeni kidogo ambapo upepo haukujii moja kwa moja, kaa hapo muongee mpira, muongee mambo ya mtaa, msomee meseji za ndugu. Ukienda kumjulia hali jirani usiingie, simama barazani, "Hodi, tumekuja kukuangalia mama, usitoke, kaa hapo hapo, tumekuletea uji," mwekee mlangoni, rudi hatua tatu nyuma, mzungumze. Dakika kumi zinatosha na anajua mmekuja. Watoto wamchoree picha, wamuite jina kutoka nje. Na akipona ile siku ya kwanza ya kutoka mpokeeni kawaida, mpeni mkono, kaeni nae sinia moja, asione mtu anasogeza kiti.

Mwisho jua lini kukaa nyumbani hakutoshi. Akianza kupumua kwa shida au haraka haraka, kifua kubana, midomo kubadilika rangi, akichanganyikiwa au hamuwezi kumuamsha vizuri, mtoto akikataa kunyonya au mbavu zinaingia ndani akipumua, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Chukueni bajaji au gari lenye madirisha wazi, mgonjwa akae nyuma karibu na dirisha na barakoa kama anaiweza, asindikizwe na yule mmoja aliekuwa anamhudumia. Mkifika msipange foleni na wengine kimya kimya, mmoja atangulie mapokezi aseme ana homa na kikohozi tangu lini, waambie na kama kuna mwingine nyumbani anaumwa, ili wampe sehemu yake ya kusubiria. Kama hamna uhakika kama ni ya kwenda au la, kwa Tanzania piga 199 na Kenya 719, ni namba za wizara ya afya, mnaelezea mnaambiwa mfanye nini.